Kabla ya Dozi ya Pili ya TB

Mtu anayekohoa kikohozi kikavu kwa miezi, na anayehema akipanda kilima alichokuwa akikipanda huku anapiga soga, ana njia inayojulikana katika hospitali za Afrika Mashariki. Kwanza hupewa antibiotiki. Isiposaidia, hupimwa makohozi. Makohozi yakitoka safi hupigwa eksirei ya kifua, na ikionekana michirizi au madoa, mara nyingi huanzishiwa dawa za TB kwa dalili tu, maana mwongozo wa tiba unamruhusu daktari kufanya hivyo hata pasipo uthibitisho wa maabara. Miezi 6 inapita. Kikohozi kipo palepale, pumzi imezidi kuwa fupi, na sasa mjadala ni kama arudie dozi au aambiwe ana pumu.

Utaratibu huo si wa kubezwa. TB ni nyingi katika eneo hili, inaua, na inatibika, kwa hiyo daktari anayeifikiria kwanza anafanya kazi yake sawasawa. Tatizo huanza dawa zinaposhindwa na asitokee mtu wa kurudi nyuma kuuliza kama TB yenyewe ilikuwapo. Hapo ndipo linapojificha kundi la maradhi ambalo wagonjwa wengi hawajawahi kulisikia, na ambalo kwenye karatasi za hospitali huandikwa kwa herufi tatu: ILD.

Hilo ni jina la ukoo. Ndani yake mna magonjwa zaidi ya 200, yote yakishambulia mahali pamoja: ukuta mwembamba ulio kati ya vifuko vya hewa na mishipa midogo ya damu, pale oksijeni inapovuka kuingia mwilini. Ukuta huo ukivimba au ukijaa makovu, mapafu hukakamaa na oksijeni huvuka kwa shida. Ndiyo maana mgonjwa akiwa ameketi huonekana mzima, anaongea na kucheka, lakini kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani anasimama mara tatu. Ndiyo maana pia dawa ya pumu ya kuvuta haimfai kitu: mirija yake ya hewa iko wazi, ugonjwa umekaa mbele zaidi ya mirija hiyo.

Wengi hudhani maradhi ya namna hii hugunduliwa na mashine kubwa tu. Mashine inahitajika, na makala haya yatafika huko. Lakini makovu yanayofanana kwenye picha yanaweza kuletwa na vumbi la mawe, na njiwa wa kufugwa, na dawa ya moyo, na ugonjwa wa viungo. Kinachoyatenganisha ni historia, na historia hiyo anayo mgonjwa peke yake. Asipoitoa, hakuna mtambo utakaomtolea.

Mwaka 1700 daktari wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya wafanyakazi, na humo akawashauri wenzake waongeze swali moja kwa maswali ya kawaida ya kitabibu: mgonjwa anafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 imepita na swali bado hurukwa, au hujibiwa kwa namna isiyosaidia.

"Shikamoo mzee. Unafanya kazi gani?"

"Marahaba, daktari. Nimestaafu."

Daktari anaandika "mstaafu" na kusonga mbele, na miaka 15 ya kupasua kokoto inabaki nje ya faili. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni wa nyumbani. Kabla ya kwenda kliniki, mgonjwa akae na mtu wa familia waandike kila kazi aliyowahi kuifanya tangu ujana, zikiwamo za miezi michache, zikiwamo zisizo na mshahara: mgodi, machimbo ya mawe, useremala, kiwanda cha katani au pamba, mashine ya kusaga, ghala la nafaka, uchomeleaji, ubomoaji wa majengo ya zamani yenye asbesto. Mbele ya kila kazi waandike miaka, na kama vumbi lilikuwa la kuonekana kwa macho.

Mererani, wilaya ya Simanjiro, inafundisha kwa nini. Tanzanaiti iligunduliwa huko mwaka 1967, na tangu wakati huo maelfu ya vijana, wanaapolo, wameteremka kwenye mashimo membamba ambako mwamba hutobolewa na kulipuliwa na vumbi halina pa kutokea. Vumbi hilo lina silika. Chembe zake ndogo kabisa hufika mwisho wa mapafu na kubaki humo, na makovu yake yanaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mchimbaji kuacha kazi na kurudi kwao kulima. Kwenye eksirei silikosisi hupenda kujionyesha kwa vinundu sehemu ya juu ya mapafu, mahali palepale TB inapopapenda. Jambo linalozidi kuchanganya ni kwamba silika huongeza hatari ya kupata TB yenyewe, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ambayo jina lake limefungamana na TB tangu enzi za ukoloni, imekuwa ikiwapima wachimbaji hao kwa magonjwa yote mawili kwa pamoja. Anayetoka machimboni asikubali jibu la "TB au vumbi" kana kwamba ni lazima achague.

Vumbi la jikoni nalo lina kesi yake. Mwaka 1991 watafiti wa Afrika Kusini walieleza katika jarida la Thorax ugonjwa wa mapafu kwa wanawake wa vijijini Transkei ambao hawajawahi kuuona mgodi. Walikuwa wakipikia kuni ndani ya nyumba na kusaga mahindi kwa mawe. Moshi na unga wa jiwe vilikuwa vimewaingia kifuani kwa miongo. Mama aliyepikia mafiga tangu utoto, akiulizwa kazi, atasema yuko nyumbani tu. Nyumbani nako kuandikwe kwenye ile orodha.

Kisha kuna viumbe hai na ukungu. Kinga ya mwili ya baadhi ya watu huchachamaa dhidi ya vumbi la manyoya na kinyesi cha ndege, nafaka iliyoota ukungu, nyasi zilizovunda, au kuvu wa ukuta wenye unyevu. Katika umbo lake la ghafla, mtu huingia bandani asubuhi, na saa 4 hadi 8 baadaye anapata homa, baridi na kikohozi. Kesho yake amepoa, anasema ni malaria. Umbo sugu halina homa, linaminya pumzi polepole hadi makovu yanapojengeka. Dokezo kubwa ni safari: je, akienda kwa ndugu mkoani wiki mbili anapata nafuu, na akirudi kikohozi kinaanza? Jambo hilo liandikwe, na aliye na banda la kuku au njiwa alitaje hata kama ndege hao ni wa mwanawe.

Dawa anazomeza mgonjwa zisitajwe kwa rangi. Abebe maboksi yenyewe. Amiodaroni ya mapigo ya moyo, methotreksati ya viungo, nitrofurantoini inayotumiwa muda mrefu kwa maambukizi ya mkojo, bleomisini ya saratani: zote zinajulikana kuumiza ukuta huo wa mapafu kwa baadhi ya watu. Dawa haiachwi kwa kusoma gazeti. Inapelekwa mezani ijadiliwe. Mvutaji wa sigara naye aseme ukweli, hata mbele ya mkewe.

Sehemu nyingine za mwili huongea pia. Vidole vinavyokufa ganzi na kubadilika rangi kwenye maji baridi, ngozi ya mikono inayokaza na kung'aa, viungo vinavyouma na kukakamaa asubuhi, macho na mdomo kukauka, chakula kukwama kooni, misuli ya mapaja kukosa nguvu: dalili hizi huonekana hazihusiani na kifua, na mgonjwa huzipeleka kwa mtu mwingine, kama si kwa mganga. Kwa daktari anayetafuta chanzo cha makovu, ni dhahabu. Baadhi ya maradhi ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe hutangulia kwenye mapafu kabla ya kufika kwenye viungo.

Na mikono itazamwe. Leo Schamroth, bingwa wa moyo wa Afrika Kusini, aliona mwilini mwake mwenyewe, alipougua maambukizi ya moyo, kwamba ncha za vidole zilizovimba hubadili jambo moja dogo. Akaliandika mwaka 1976. Weka kucha za vidole viwili vinavyolingana, wa kushoto na wa kulia, zitazamane mgongo kwa mgongo. Kwa kawaida hubaki kidirisha kidogo chenye umbo la almasi kati yake. Kidirisha kikiwa kimezibika, kuna uwezekano ncha za vidole zimenenepa, na hali hiyo huambatana na makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, magonjwa ya moyo na mengineyo. Haithibitishi kitu peke yake. Inatosha kumfanya mtu asiambiwe "huna tatizo".

Kliniki, kipimo cha thamani kubwa kuliko bei yake ni stetoskopu mgongoni, chini kabisa, karibu na mbavu za mwisho, mgonjwa akivuta pumzi ndefu. Kwenye makovu husikika mchakacho mkavu mwishoni mwa pumzi, sauti ya utepe wa kunata wa kiatu cha mtoto ukibanduliwa. Daktari anayesikiliza kifua juu ya shati, mbele tu, hatausikia. Mgonjwa ana haki ya kuvua shati na kugeuka.

Sasa vipimo. TB ithibitishwe au iondolewe kwa uzito wake: makohozi mazuri ya asubuhi, kipimo cha GeneXpert, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha mwaka 2010, na kipimo cha VVU. Jibu hasi moja halifungi mlango. Na aliyemaliza dozi hivi karibuni ajue kwamba GeneXpert husoma vinasaba, hivyo inaweza kuokota mabaki ya vijidudu vilivyokwisha kufa. Aliye katikati ya dozi asiiache kwa sababu ya shaka. Aulize maswali mawili yaliyo wazi: TB yangu ilithibitishwa na kipimo gani, na kama haikuthibitishwa, ni nini kingine kimefikiriwa? Mwenye VVU afanye haraka zaidi, maana nimonia ya pnumosistisi nayo hukaa kwenye ukuta uleule na huua isipotibiwa mapema.

Oksimita, kile kibanio cha kidole, ina mtego wake. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha ulinganisho wa kibanio na damu ya ateri. Miongoni mwa vipimo ambavyo kifaa kilisoma asilimia 92 hadi 96, damu ilikuwa kweli chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 kwa weupe. Ngozi nyeusi huudanganya mtambo. Kwa hiyo namba moja ya kuridhisha mtu akiwa ameketi isimalize mazungumzo. Chenye maana zaidi ni mwelekeo: apimwe ameketi, kisha atembee dakika 6 kwenye korido chini ya uangalizi, apimwe tena. Kushuka kwa pointi 4 au zaidi ni taarifa ambayo eksirei huenda haikuitoa. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, mtu mzima wa afya anaweza kusoma chini kidogo kuliko Dar es Salaam, na hilo nalo lihesabiwe.

Kipimo cha kupuliza, spirometri, hutenganisha pumu na mapafu yaliyokakamaa. Katika pumu hewa ipo ila hutoka kwa shida. Katika ILD hewa hutoka upesi, lakini ni kidogo. Hapa pia rangi imewahi kuingizwa kwenye hesabu. Kwa miaka mingi programu za mashine hizi zilitarajia mapafu madogo zaidi kwa mtu mweusi, hivyo pafu lililopungua likaweza kuandikwa "la kawaida". Mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani, ATS, kilipendekeza hesabu moja kwa watu wote. Mgonjwa anaweza kumuuliza fundi wa mashine ametumia hesabu ipi. Ni swali fupi, na jibu lake linaweza kugeuza ripoti.

Kisha siti skani. Hapa pesa nyingi hupotea bure, kwa sababu familia huchanga, mgonjwa anapigwa picha, na picha inakuwa ya aina isiyojibu swali. Fomu ya maombi iandikwe wazi kwamba ILD inashukiwa. Kinachotakiwa ni picha ya vipande vyembamba, visivyozidi milimita 1.5, mara nyingi bila dawa ya kung'arisha mishipa, mgonjwa akiwa amevuta pumzi hadi mwisho na kuishikilia. Awamu nyingine akiwa ameitoa, kwa kuwa hewa inayonaswa hudokeza ugonjwa wa ndege na ukungu. Na kama kuna weupe mdogo upande wa nyuma wa mapafu, alale kifudifudi kuona kama unaondoka. Ayafanyie mazoezi hayo ya pumzi nje ya chumba. Baada ya hapo asiridhike na ripoti ya karatasi: aombe picha zenyewe kwenye diski, kwa sababu daktari wa pili atataka kuzisoma mwenyewe.

Kwenye picha hizo wasomaji hutafuta mpangilio. Matundu yanayoitwa sega la nyuki, yaliyopangana pembeni na chini ya mapafu, pamoja na mirija iliyovutwa na makovu, kwa mtu wa zaidi ya miaka 60 asiye na chanzo kingine, huelekeza kwenye fibrosisi ya mapafu isiyojulikana chanzo, IPF, ambayo ndiyo kali kuliko nyingi katika ukoo huu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 unasema picha ikiwa hivyo na historia ikikubaliana nayo, hakuna haja ya kukata kinyama.

Kinyama chenyewe kina bei. Uchunguzi wa hospitali za Marekani kati ya mwaka 2000 na 2011 ulionyesha kwamba upasuaji wa kuchukua kipande cha pafu ukipangwa mapema, asilimia 1.7 ya wagonjwa walifariki hospitalini. Ukifanywa kwa dharura, asilimia 16. Familia inayoambiwa "tukate tuone" iulize kwanza: jibu la kinyama litabadilisha dawa gani? Kama halitabadilisha kitu, kisu kingoje. Kuosha mapafu kwa kamera na kuhesabu chembe za kinga, au vipimo vya damu vya maradhi ya viungo, huenda vikatosha.

Anayetoa jina la mwisho hafai kuwa mtu mmoja. Duniani kote kipimo cha juu kabisa cha ILD ni kikao: daktari wa kifua, msomaji wa picha, bingwa wa viungo na, kama kinyama kipo, mtaalamu wa patholojia, wote wakitazama faili moja. Mtu wa Singida hawezi kukiitisha kikao hicho, lakini anaweza kuomba rufaa kwenda hospitali za Muhimbili, KCMC au Bugando, au aombe picha zake zitumwe huko. Simu ya mkononi imerahisisha hili, ingawa picha ya eksirei iliyopigwa dirishani na kurushwa WhatsApp haiwezi kuchukua nafasi ya diski.

Haraka ya dawa ndiyo hatari iliyobaki. Prednisoloni ni rahisi, inapatikana kila duka la dawa, na mgonjwa akiimeza huchangamka. Katika sakoidosisi, katika ugonjwa wa ndege, katika baadhi ya magonjwa ya viungo, inaweza kweli kuokoa mapafu. Kwa IPF mambo ni kinyume. Kwa miaka mingi madaktari waliitibu kwa prednisoloni na azathioprini, na tiba hiyo ilikuwa ya heshima kamili, hadi jaribio la Marekani liitwalo PANTHER lilipoiweka kwenye mizani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: waliopewa mchanganyiko wa dawa hizo mbili pamoja na asetilsisteini walikufa 8, waliopewa vidonge bandia alikufa 1, waliolazwa walikuwa 23 dhidi ya 7. Mkono huo wa jaribio ulisimamishwa kabla ya wakati. Dawa mbili zinazopunguza kasi ya makovu ya IPF, pirfenidoni na nintedanibi, ziliidhinishwa Marekani Oktoba 2014. Hazifuti kovu lililokwisha kuwapo, na bei yake ni mzigo mkubwa kwa familia nyingi. Hivyo anayeandikiwa prednisoloni ya miezi aulize ni kwa ugonjwa gani kwa jina, na kama TB, kisukari na VVU vimepimwa kabla.

Jina likishapatikana, lipimwe tena. Spirometri irudiwe kila baada ya miezi michache kwenye mashine ileile ikiwezekana, na namba ziandikwe kwenye daftari la mgonjwa, kwa kuwa mafaili ya hospitali hupotea. Kupungua kwa uwezo wa mapafu ndani ya mwaka mmoja kunaweza kumfanya daktari abadilishe mpango hata kama picha ya kwanza ilionekana ya wastani.

Kwa wale ambao chanzo ni kazi, karatasi ya utambuzi ina uzito hata nje ya hospitali. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008, na magonjwa yatokanayo na kazi yamo ndani yake. Mchimbaji mdogo asiye na mwajiri wala mkataba ndiye anayebaki nje. Afrika Kusini, mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mwaka 2019 makubaliano ya fidia kwa wachimbaji wa dhahabu wenye silikosisi na TB waliofanya kazi kuanzia Machi 1965, na mfuko wa Tshiamiso ukaundwa kuyatekeleza. Katika madai ya aina hii hayazungumzwi maumivu, huzungumzwa ushahidi: jina la mgodi, miaka ya kazi, siti skani yenye tarehe, na barua ya daktari inayotaja ugonjwa waziwazi badala ya "kifua sugu". Waliotoboa mwamba pamoja na mgonjwa nao wapimwe, wakiwamo wale wasiokohoa bado.